Uchovu wa Mgonjwa wa Saratani

Msomaji, uchovu wa mkulima wa Msambweni huondoka kwa usingizi wa usiku mmoja. Uchovu wa mtu atibiwaye saratani si wa namna hiyo. Hulala nao, akaamka nao. Ndipo jamaa zake humpokonya jembe na ndoo, wakamtandikia kitanda. Kwa miaka mingi madaktari wengi ulimwenguni nao waliagiza vivyo hivyo. Lilikuwa agizo la huruma, lakini msuli usiotumika hulegea, na aliyelegea huchoka upesi zaidi.

Mwaka 1989 Mary MacVicar, Maryl Winningham na mwenzao walitangaza jaribio lao la Ohio, Marekani. Wanawake 45 waliokuwa wakitibiwa saratani ya matiti kwa dawa walishiriki. Baadhi yao walikanyaga baiskeli isiyokwenda popote (kichekesho, labda!), mara 3 kwa juma, kwa majuma 10. Pumzi na nguvu zao ziliwazidi wenzao wasiokanyaga. Mwaka 2019 mabingwa wa nchi mbalimbali walishauri dakika 30, mara 3 kwa juma.

Diani baiskeli hiyo haihitajiki. Maji yakipwa, mchanga mgumu watosha. Mgonjwa, akiisha kuruhusiwa na daktari wake, atembee kabla ya jua kali, kwa mwendo unaomwachia pumzi ya kuzungumza. Siku ya homa haendi ufuoni. Hupelekwa hospitali mara moja.