Kikohozi cha Redio

Historia ya redio Tanzania huandikwa kwa majina ya vituo: Sauti ya Dar es Salaam iliyoanza 1951, Shirika la Utangazaji Tanganyika la 1956, kisha Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Yote hayo ni ya upande wa mtangazaji. Upande wa msikilizaji palikuwa na karatasi: koni nyepesi iliyobandikwa kwa gundi kwenye koili ya waya mwembamba, ikichezeshwa na sumaku. Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric waliueleza muundo huo mwaka 1925, na hadi leo haujabadilika sana. Karatasi huliwa na mende, hunyonya unyevu, huchanika ukingoni.

Babu yangu, karani wa reli Tanga, alikuwa na Philips ya mbao, ya valvu, ya miaka ya 1950. Spika yake ilichanika kabla sijazaliwa. Haikunyamaza, ilikwaruza, na nyumba nzima ikazoea. Novemba 1978 mama yangu alimsikia Nyerere akitangaza vita dhidi ya Idi Amin kwa kikohozi ambacho Mwalimu mwenyewe hakuwa nacho. Majirani waliojaa barazani walimsikia hivyohivyo. Redio ilikuwa ya watu wengi: kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973, iliyofikia watu wazima wapatao milioni 2, ilitegemea vikundi vilivyokaa mbele ya redio moja. Spika ikiwa mbovu, wa nyuma waliambulia mngurumo tu. Ningependa mwanahistoria mmoja alihesabu hilo.

Mwaka jana niliipeleka kwa fundi. Kwanza alinikataza kuiwasha bila spika: transfoma ya kutolea sauti ikikosa mzigo, umeme hupanda ndani yake hadi ikaungua. Kisha akafunga spika ya gari ya omu 4, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa karibu na hapo. Mgongoni iliandikwa wati 200. Ikanong'ona. Redio yenyewe hutoa wati 3 hivi, na koni nzito yenye mpira pembeni haisukumwi na nguvu hiyo.

"Hii inataka karatasi, dada," akasema, akang'oa spika ya redio nyingine iliyokufa chini ya meza yake. Akalehemu waya mbili. Kibanda kikajaa sauti.

Redio ile haina FM. Nyumbani nikachomeka waya wa simu kwenye tundu la gramafoni, kule nyuma, nikaweka hotuba ya 1978. Mama alisikiliza akiwa amesimama. Sauti ilitoka nene, safi, kila neno limetimia.

"Ni yeye," akasema. "Lakini siye tuliyemsikia sisi."

Akauliza ile spika mbovu iko wapi. Fundi alikuwa ameshaitupia kwenye ndoo ya chuma chakavu. Sumaku ina bei yake. Nilirudi nikaikomboa kwa shilingi 5,000. Sasa iko kabatini, imefungwa kwenye kanga. Fundi anasema kuirudisha ni kazi ya dakika 10. Mama bado hajaamua.