Joginder Singh: Fundi wa Gereji Aliyeshinda Mbio za Safari Mara Tatu

Joginder Singh (1932–2013) alikuwa dereva wa magari wa Kenya na dereva wa kwanza mwenye asili ya Kiasia kushinda mbio za Safari za Afrika Mashariki. Alishinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na hakuna dereva aliyekuwa amefikisha ushindi wa mara tatu kabla yake.

Alizaliwa Kericho tarehe 9 Februari 1932, katika familia ya Kalasinga iliyotoka Punjab. Baba yake, Battan Singh, alikuwa fundi wa magari, na mwana akajifunza kazi hiyo gereji. Jambo hili ndilo linaloeleza sehemu kubwa ya mafanikio yake, kwa kuwa katika Safari dereva asiyejua kutengeneza gari lake alikuwa nusu ya dereva.

Mbio hizo zilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zilifanyika katika barabara za kawaida, nyingi zikiwa za udongo, na kwa miaka mingi zilipangwa wakati wa Pasaka, majira ambayo mvua huwa imeanza kushika. Mkazi wa Lionja aliyewahi kusafiri masika kati ya Nachingwea na Ruangwa hahitaji kuelezwa maana ya vumbi la asubuhi kugeuka tope jioni.

Joginder aliingia Safari kwa mara ya kwanza mwaka 1959. Ushindi wa 1965 ndio unaokumbukwa zaidi, na kwa haki. Gari lake, Volvo PV544, lilikuwa limetumika: kiwanda kililileta kwa mbio za mwaka uliotangulia, kisha likauzwa. Yeye na mdogo wake Jaswant, aliyekuwa msoma ramani, waliondoka Nairobi wakiwa na namba 1 ubavuni na kurejea wakiwa wa kwanza, mbele ya timu zilizogharimiwa na viwanda vya Ulaya.

Miaka miwili iliyofuata ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania, akiendesha Peugeot 404.

Mwaka 1974 Joginder, akiwa na David Doig, alimshinda Björn Waldegård wa Sweden. Waldegård aliendesha Porsche 911. Joginder alikuwa na Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6 tu. Wawili hao walirudia ushindi mwaka 1976, na safari hiyo Lancer zilishika nafasi tatu za juu. Chapa iliyokuwa bado ngeni kwa wengi ikapata sifa kubwa Afrika Mashariki.

Hata hivyo, takwimu inayomweleza vizuri zaidi ni nyingine: katika Safari 22 alizoanza, alimaliza 19. Kuna miaka ambayo magari saba pekee ndiyo yaliyofika mwisho.

Rekodi yake ya ushindi ilivunjwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda mwenye asili ya Kihindi, aliyeshinda mara tano: 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Joginder alifariki dunia London tarehe 20 Oktoba 2013. Mwaka 2021 Safari ilirejea katika kalenda ya ubingwa wa dunia, baada ya kuwa nje tangu 2002.