Ushuru wa Kuingia Porini katika Nchi ya Nyantakara

Mtu anayeazimia kuzuru mbuga za wanyama za Afrika aghalabu huanza safari yake kwa hesabu ya malangoni, yaani ada ya kichwa, ada ya gari, ada ya kulala, ujira wa askari wa kumwongoza, na kodi iliyopandishwa juu ya hayo yote. Na kwa kuwa hesabu hiyo huandikwa katika jedwali lisilo na nasaba, hudhani kuwa ilizaliwa jana katika ofisi ya serikali. Walakini katika nchi ya Nyantakara, jina ambalo ni la kata ya Biharamulo na vilevile la msitu wa hifadhi unaopakana na Ngara, magharibi ya ziwa Nyanza, ushuru wa kuingia una umri mkubwa kuliko lango lolote lililojengwa huko, na asiyeijua historia yake ataweza kulipa kila senti anayodaiwa bila ya kufahamu analipa nini wala anamlipa nani.

Sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa chini ya wafalme wa Rusubi, nayo wasafiri wa pwani waliiita Usui. Misafara iliyotoka Unyanyembe kwenda Karagwe na Buganda kutafuta pembe za ndovu haikuwa na budi kupita huko, na kupita kulikuwa na bei, iliyojulikana kwa jina la hongo, maana yake zama zile ushuru halali wa njia. Mwishoni mwa mwaka 1861, John Hanning Speke na James Grant, wakiongozana na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wao, waliingia Usui kwa mfalme Suwarora, wakakalishwa, wakapelekewa wajumbe mmoja baada ya mwingine, wakatozwa nyaya za shaba, nguo za merikani na shanga, kwanza na wakubwa wa mipakani, kisha na mfalme mwenyewe, hata walipopewa ruhusa ya kuondoka walikuwa hawajapata kumwona uso kwa uso. Speke aliandika habari hiyo kwa hasira, na waliomsoma baadaye wakaifanya kuwa hadithi ya tamaa. Mimi sikubaliani nao. Mfalme aliyelinda mpaka, ambaye visima vyake na mashamba ya raia zake vilikuwa vikinywewa na kuliwa na mamia ya watu wenye bunduki, alikuwa na haki ya kuuliza wageni wanatoka wapi, wanakwenda wapi, na wataacha nini nyuma yao.

Lakini insafu inatutaka tutaje upande wa pili. Siku chache baada ya kutoka Usui, wasafiri wale wale waliingia Karagwe kwa mfalme Rumanyika, wakakuta hapana hongo. Wakapewa watu wa kuwasindikiza na chakula kwa amri ya mfalme, wakakaribishwa barazani kwake na kuzungumza naye siku nyingi. Rumanyika hakuwa mjinga wa mali. Alijua kwamba biashara ya pembe iliyokuwa ikifanywa na Waarabu na Waswahili huko Kafuro, katika nchi yake, ilimletea heshima na bidhaa zaidi ya alizoweza kuzipata kwa kumpekua mgeni njiani. Basi nchi mbili jirani zilikuwa na siasa mbili mbalimbali katika jambo moja, nazo zote mbili zingali hai katika Afrika ya Mashariki hivi leo: wako wanaomtoza mgeni kwa uzito kwa sababu wanacho asichoweza kukipata kwingine, na wako wanaopunguza bei mlangoni wakitumaini kuwa atakaa, atakula, atanunua, na atarudi.

Mwindaji naye alikuwa na ushuru wake. Katika falme nyingi za bara, ndovu alipoanguka, jino lililogusa ardhi lilikuwa la mwenye nchi, na lile la juu la mwindaji. Taratibu hiyo ilivunjwa na Wajerumani. Mwaka 1896 gavana wao Hermann von Wissmann alitoa sheria ya uwindaji iliyomlazimu mtu kuwa na cheti cha kulipiwa kabla ya kuua mnyama, na mwaka 1900 dola za Ulaya zikatia sahihi mapatano huko London juu ya kuwahifadhi wanyama wa Afrika, pasipo Mwafrika hata mmoja kuulizwa shauri. Mtu wa Rusubi aliyekuwa akimpa mfalme wake jino moja, akabaki na heshima yake na nyama ya kuwagawia majirani, sasa alitakiwa atoe fedha kwanza kwa mtu asiyemjua, au awe mwizi katika pori alilozaliwa.

Msiba mwingine uliandamana na huo. Sotoka ya miaka ya 1890 iliangamiza ng'ombe. Walipokwisha ng'ombe, vichaka viliota juu ya malisho. Na katika vichaka wakaingia mbung'o wenye kuchukua malale. Serikali ya Kiingereza iliyowafuata Wajerumani, katika kupigana na ugonjwa huo, iliwakusanya watu katika makazi ya pamoja na kuyaacha mashamba yao ya zamani yarudi kuwa mwitu. Hapo ndipo mahali ambapo moyo wangu husita kila ninapoambiwa kwamba mapori ya Biharamulo yalikuwa matupu tangu azali. Mengi yalikuwa na watu, na mnyama aliyekuja kuhifadhiwa humo alirithi nyumba ya mtu aliyehamishwa. Pori la Akiba la Biharamulo lilipotangazwa mwaka 1959, mwaka ule ule wa sheria ya Mbuga za Taifa za Tanganyika, mipaka yake iliwekwa katika nchi ambayo wazee wake walikuwa wangali wakiyakumbuka makaburi na migomba yao.

Baadaye yakaongezwa mapori ya Burigi na Kimisi. Kwa muda mrefu mtazamaji wa kawaida hakuwa na kazi huko. Aliyelipa kuingia alikuwa mwindaji wa kigeni, naye alitozwa kwa hesabu ya vichwa vya wanyama. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1973, ukafunguliwa tena mwaka 1978.

Kisha ukaja mwaka 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, watu wapatao robo milioni waliokimbia mauaji ya Rwanda walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara, na makambi ya Benaco, Lumasi na mengineyo yakageuka kuwa miji kwa muda wa siku chache. Watu wale walihitaji kuni na walihitaji nyama, na chakula cha msaada hakikuwa na nyama. Hivyo wanyama wa Burigi na Biharamulo wakaliwa, na kitoweo hicho cha haramu kikaitwa kambini mchicha wa usiku. Simlaumu mwenye njaa. Lakini ni lazima isemwe kwamba ukarimu ambao ulimwengu uliusifu ulilipiwa na misitu na wanyama wa wilaya hizi mbili, na kwa miaka mingi baadaye barabara zilizopita katika mapori hayo zilikuwa na majambazi, hata mabasi yakawa yanasubiriana na kusindikizwa na polisi wenye silaha. Ile nayo ilikuwa gharama ya kuingia, na hakuna jedwali lililoiandika.

Mwaka 2019 mapori matatu ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye eneo la kilomita za mraba 4,707, na mwaka huo huo ikatangazwa hifadhi jirani ya Rumanyika-Karagwe, yenye jina la mfalme wa Karagwe. Simba waliletwa kutoka Serengeti. Tangu hapo mtu wa kawaida aweza kuingia, na hesabu yake ni hii. Kiingilio, ambacho shirika la hifadhi za taifa hukiita ada ya uhifadhi, hulipwa kwa kila mtu kwa muda wa saa 24. Kwa viwango vya miaka hii, mtu mzima wa Afrika ya Mashariki hulipa shilingi 5,000 na mgeni wa mbali dola 30, ilhali Serengeti mgeni huyo hutakiwa dola 60 au 70 kwa kufuata majira. Mtoto mchanga hupita bure. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza kutozwa huduma za utalii Julai 2016 na ambayo wasafiri wengi huisahau wanapopanga. Kuna ada ya gari, ambayo huwa nzito zaidi kwa lililosajiliwa nje. Na kuna ada ya kambi kwa kila usiku. Fedha taslimu haipokewi langoni: hulipwa kwa kadi au kwa namba ya malipo. Ng'ambo ya mto Kagera, Rwanda imeifuata njia ya Suwarora, ikawatoza wageni dola 1,500 tangu mwaka 2017 kwa kibali kimoja cha kuwaona sokwe wa milimani, na imefaulu kwa kuwa wanyama hao hawapatikani ila katika nchi tatu duniani. Burigi haina kitu kama hicho, nayo imefanya vema kutojaribu.

Kuna suala moja zito zaidi ya bei: mali hii humwendea nani? Shirika la hifadhi lina mpango wa ujirani mwema, ambao umejenga madarasa na zahanati katika vijiji vingi vya Tanzania. Lakini katika mwaka wa fedha 2020/21 makusanyo ya malangoni yalielekezwa Mfuko Mkuu wa Hazina, na kijiji kilicho ukingoni mwa pori kikazidi kuwa mbali na sanduku. Mfugaji wa Nyantakara ambaye ng'ombe wake akivuka mpaka hukamatwa na kutozwa faini, na mkulima ambaye mahindi yake huliwa na nyani na ngiri, hulipa kila msimu ada isiyo na stakabadhi. Ningependa kuona kiasi kilichopatikana Burigi-Chato kila mwaka, na kiasi kilichorudi katika kila kata, vikibandikwa katika ofisi za vijiji vya Biharamulo na Ngara, kama mapato ya mnada na ya minara ya simu yanavyopasa kubandikwa.

Tena, raia anayepanga safari atambue kwamba kwake yeye kiingilio ndicho kipengele chepesi kuliko vyote. Mwalimu wa Nyantakara akitaka kuwapeleka wanafunzi wake wakaone ziwa Burigi lililomo hifadhini, ada ya watoto hao haitamshinda. Kitakachomshinda ni gari, mafuta, na chakula cha siku nzima, na gharama hizo hakuna kanuni ya hifadhi inayozipunguza. Basi moja la hifadhi, likizungukia shule za pembezoni kwa zamu katika miezi ya kiangazi, lingewaingiza porini watoto wengi kuliko punguzo lolote la bei langoni.