Chambo cha nyama na ziwa la kampuni



Mfadhili mmoja alituuliza swali: mtu aliyerudi Likasi mikono mitupu, kwa nini anakata sosisi au nyama ya mkebe na kuitia kwenye ndoano? Si afadhali aile mwenyewe? Swali ni la haki, na jibu lake liko katika historia ya ziwa letu.

Ziwa Tshangalele lilitengenezwa na watu. Mto Lufira ulizuiwa kwa bwawa pale Mwadingusha, na mwaka 1930 mitambo ikaanza kutoa umeme kwa viwanda vya Union Minière. Bonde likafunikwa na maji, wavuvi wakaja. Mji wetu, ambao uliitwa Jadotville mpaka 1966, ulikuwa na vinywa vingi vya kulisha. Kampuni iligawa posho: unga, nyama au samaki, mafuta, chumvi. Kwa hiyo ziwa na kampuni vilikuwa vitu viwili vinavyokwenda pamoja.

Kila samaki ana tumbo lake. Tilapia anapenda vijimea vya majini. Mvuvi anamshika kwa minyoo au donge la bukari. Kambale ni mwingine kabisa. Anatafuta chakula usiku, katika maji ya tope, na anaonja kwa masharubu na hata kwa ngozi. Nyama ya kiwandani ina chumvi, mafuta na viungo, na ikikaa majini harufu yake inatembea. Hata ng'ambo wanajua hilo. Uingereza wavuvi wa mitoni wanatumia nyama ya mkebe. Marekani, ambako Spam ilianza kuuzwa 1937, wavuvi wa kambale wanatumia vipande vya sosisi. Kwenye Ziwa Victoria wako wanaotia kipande cha sabuni, maana sabuni nayo ni mtoto wa mafuta.

Lakini chambo cha nyama kinataka nyumba yenye mabaki. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba. Mwaka 1993 haikufikisha hata 50,000. Mshahara ukapotea, posho ikapotea. Katikati ya msiba huo, mwaka 1992, watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa Likasi, na mwaka 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Familia zililala kwenye kituo cha reli zikingoja treni, na wengi walikufa kabla ya kufika. Waliobaki nao walikuwa na njaa. Miaka ile nani angekata nyama ampe samaki? Mama angesema: "Nyama iko ya watoto, haiko ya kutupa ku mayi."

Waliorudi baadaye, kidogo kidogo, hawakukuta kazi ya kampuni. Wengine wakageukia ziwa. Asiye na nyavu wala chambo anashawishika kutumia chandarua cha mbu. Chandarua hakichagui: kinabeba hata watoto wa samaki, na kesho ya ziwa inaondoka nao. Ndoano inachagua. Kambale mkubwa ndiye anayemeza kipande kizima, na vidogo vinabaki kukua.

Basi jibu kwa mfadhili wetu ni hili. Kipande cha ndoano hakizidi ukucha wa kidole gumba. Mara nyingi ni ncha ya sosisi iliyokauka au nyama iliyoanza kuharibika, ambayo mtu hawezi kuila tena. Kambale mmoja anaweza kuwa na kilo kadhaa, na huyo analisha nyumba na bado anabaki wa kuuza sokoni.

Kwenu wanachama, neno ni moja pia. Mkebe wa msaada uende kwanza kwenye sahani ya mtoto. Chambo kiwe mabaki, matumbo ya kuku, au sabuni. Na kwenu wafadhili, tunaomba ndoano na kamba zaidi kuliko mikebe. Mkebe unaisha siku moja. Na kule ziwani, tukikuta vidogo bado vipo, tutajua kwamba safari hii tumerudi kukaa.