Mdogo wangu, Baba Mdogo na cheti cha masaji

Wadau, kimya changu cha wiki mbili si cha bure. Kulikuwa na testi mbili, kulikuwa na bumu lililochelewa, halafu kukawa na Jumapili kwa Baba Mdogo. Ya testi na bumu mnayajua wenyewe. Ya Jumapili ndiyo nataka kuwasimulia, maana imenipeleka maktaba siku nne mfululizo bila kutumwa na mwalimu yeyote, jambo ambalo jamaa ninaokaa nao chumba kimoja bado wanalishangaa.

Mambo yalikuwa hivi. Mdogo wangu wa kike, yule aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi, amepata nafasi ya kusomea cheti cha masaji na tiba za mwili. Miezi tisa. Kuna somo la mifupa na misuli, kuna huduma ya kwanza, kuna mazoezi ya mikono kila siku. Ada si ya kutisha, ila baba yetu hayupo tena, kwa hiyo mwenye kauli ni Baba Mdogo. Tulikuwa tumemaliza pilau. Mdogo wangu akatoa karatasi ya kujiunga, akampa kwa mikono miwili. Baba Mdogo akasoma mstari wa kwanza, akaikunja, akaiweka chini ya sahani. Akasema: "Mimi sitoi hela yangu mtoto wa kaka yangu akafundishwe umalaya." Mbele ya wageni! Mdogo wangu akanyanyuka kwenda kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyemwomba avioshe.

Mimi, mwanahistoria wa mwaka wa tatu, nikabaki nimekodoa macho. Baba Mdogo si mtu wa kujibizana naye, na hata ningejibu, sikuwa na kitu mkononi. Nikasema tu, "Baba, nipe wiki moja." Akacheka. Karatasi ninayo mimi, ina doa la mafuta ya pilau.

Basi nilienda maktaba nikiwa na uhakika kwamba nitakuta Baba Mdogo kakosea moja kwa moja. Nilichokuta ni kigumu zaidi. Maneno yake yana umri wa zaidi ya miaka 130, na cheti chenyewe anachokikataa kilizaliwa kwa sababu ya maneno kama hayo hayo.

Twende London, mwaka 1894. Wakati huo masaji ilikuwa fasheni Ulaya. Huko Sweden, Per Henrik Ling, mwalimu wa kupigana kwa vitara, alikuwa ameanzisha chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm tangu 1813, na wanafunzi wake wakatapakaa kila nchi. Uholanzi daktari Johan Georg Mezger alijipatia jina kubwa kwa kukanda viungo, mpaka wafalme na matajiri wakamfuata Amsterdam. (Watu husema "masaji ya Kiswidi" ni kazi ya Ling. Wanaochunguza mambo hayo wanampa Mezger sehemu kubwa zaidi. Sitaingia humo, tutalala hapa.) Wauguzi wa Kiingereza wakaona kazi: mgonjwa wa mgongo, mgonjwa wa mishipa, mtu aliyelala kitandani miezi, wote walihitaji mikono. Mwanamke asiye na mume aliweza kuishi kwa kazi hiyo.

Shida ni kwamba na wengine waliona kazi. Matangazo ya "masaji" yakajaa magazetini, na nyuma ya baadhi ya milango hiyo kulikuwa na madanguro. Mwaka huo wa 1894 jarida la madaktari, British Medical Journal, likalipua jambo hilo hadharani. Sasa jiweke kwenye nafasi ya muuguzi halali, umejifunza miaka, unaingia nyumba ya mgonjwa na shemeji yake anakutazama kuanzia miguuni. Baba Mdogo alikuwepo London siku hizo, wadau, alikuwa na kofia ndefu tu.

Wanawake wanne wakaamua kutokaa kimya: Lucy Robinson, Rosalind Paget, Elizabeth Manley na Margaret Palmer. Paget alikuwa muuguzi na pia mkunga, hilo mlishike, nitalirudia. Mwaka huo huo wakaanzisha Chama cha Wakandaji Waliofuzu. Silaha yao ilikuwa mtihani. Ukitaka kuingia chamani, ufanye mtihani, ufaulu, upewe cheti, jina lako liandikwe kwenye orodha. Na kulikuwa na masharti: usikande mtu bila maelekezo ya daktari. Usikande mwanaume mwili mzima, isipokuwa daktari ameomba maalumu. Usijitangaze isipokuwa kwenye magazeti ya kitabibu. Usiwauzie wagonjwa dawa.

Nilipoyasoma masharti hayo mara ya kwanza nilipiga makofi. Mara ya pili nikanuna. Angalieni vizuri: wale wanawake walikuwa hawajatenda kosa lolote, lakini wao ndio waliojifunga kamba. Walijiweka chini ya daktari, ambaye wakati huo karibu kila mara alikuwa mwanaume, ili mtu mwingine awadhamini heshima yao. Waliokwenda kwenye yale madanguro kununua hawakuandikiwa sharti hata moja. Sisemi wangefanya nini kingine, walikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa. Nasema tu kwamba ile karatasi ilikuwa na bei, na bei hiyo haikuwa ada peke yake.

Hata hivyo mbinu ilifanya kazi. Vita vya Kwanza vilipoanza 1914, mbunge Almeric Paget na mkewe waliunda kikosi cha wakandaji kwa ajili ya askari majeruhi, wakianza na wanawake 50 hivi wenye mafunzo. Vita ilipokwisha, waliopita kwenye kazi hiyo walikuwa zaidi ya 3,000. Askari aliyerudi na mguu uliokakamaa hakuuliza habari za magazeti ya 1894. Alitaka mguu ukunjike. Mwaka 1920 chama kikapewa hati ya kifalme, na wanaume nao wakaruhusiwa kuwa wanachama. Mwaka 1944 kikabadilisha jina, na jina jipya lilikuwa la wataalamu wa fiziotherapia.

Hapo ndipo niliposimama kwenye kiti maktaba. Fiziotherapia! Baba Mdogo aliangushwa na bodaboda mwaka jana, akaenda fiziotherapia hospitali mara mbili kwa wiki kwa muda wa miezi miwili. Alilipa bila kununa, na aliyemkanda mgongo alikuwa dada mmoja aliyevaa koti jeupe. Akamsifu mpaka sisi tukachoka. Yule dada ni mjukuu wa wale wanne, kitaaluma nasema.

Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya kwamba cheti ni hadithi ya Waingereza na aibu zao. Kuna Japani, na Japani ndiko nilikopoteza usingizi.

Kule ukandaji wa jadi unaitwa anma, na kwa karne nyingi ulikuwa kazi ya vipofu. Enzi za Edo, yaani Tokyo ya zamani, kipofu alipita usiku mitaani akipuliza kifilimbi, mwenye mgongo unaouma akamwita ndani. Mkubwa wao katika historia ni Sugiyama Waichi, aliyezaliwa 1610 na kupoteza macho utotoni. Alikuwa mtaalamu wa sindano, ndiye anayetajwa kwa kile kijibomba cha kupitishia sindano ili iingie bila maumivu, na alimtibu mtawala mwenyewe, Tokugawa Tsunayoshi. Cheo kikampa nguvu ya kufungua shule ambamo vipofu walifundishwa sindano na ukandaji kwa utaratibu. Hiyo ni karne ya 17. Shule ya vipofu ya Paris, ya Valentin Haüy, ilifunguliwa miaka ya 1780, karibu karne nzima baadaye.

Mwaka 1911 serikali ya Japani ikasema kila mkandaji awe na leseni, apite mtihani. Lakini ikaweka daraja la pekee kwa ajili ya vipofu, lenye mtihani mwepesi zaidi, wasije wakatupwa nje ya kazi yao wenyewe. Baada ya Vita vya Pili, utawala wa majeshi ya Marekani ulitaka kufagia tiba za jadi, vipofu wakaandamana, na Desemba 1947 ikapita sheria ya kuwapa leseni. Mwaka 1964 kikaongezwa kifungu kinachoiruhusu serikali kukataa shule mpya za ukandaji kwa wanaoona, ili riziki ya wasioona isimezwe. Shule moja ikapeleka kesi mahakamani ikidai uhuru wa kufanya kazi. Februari 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kifungu hicho hakivunji katiba. Kipofu mwenye cheti chake akabaki na uzio wake.

Nimeisoma hukumu hiyo kwa muhtasari mara tatu. London karatasi ilitengenezwa kumtenga mkandaji na kahaba. Japani karatasi hiyo hiyo ikatumika kumlinda mnyonge asinyang'anywe mkate. Na Uingereza nayo ilijifunza kitu cha namna hiyo wakati wa vita: kituo cha St Dunstan's, kilichoanza 1915 kwa askari waliopofuka, kiliwafundisha baadhi yao masaji.

Sasa lile neno jingine lililoko kwenye karatasi ya mdogo wangu, "holistiki". Maana yake kumtazama mtu mzima, si mtu mzima wa kupewa shikamoo, ila mtu wote, mwili na roho na usingizi wake na mawazo yake. Nilidhani neno limetoka India au China. Wapi! Mzizi wake, "holism", ulitungwa na Jan Smuts wa Afrika Kusini katika kitabu chake cha 1926. Smuts huyu huyu mnayemjua kutoka kozi ya Vita vya Kwanza, jenerali aliyeongoza majeshi ya Uingereza hapa kwetu mwaka 1916, akawasukuma Wajerumani kutoka Kilimanjaro mpaka Morogoro na kwingineko, huku wapagazi wetu wakifa kwa magonjwa na njaa. Na huyo huyo aliyetetea ubaguzi wa rangi kwao. Mtu wa kuandika kitabu kizima kuhusu ukamilifu! Baadaye wengine walilichukua neno wakalipeleka walikotaka. Huko California, kituo cha Esalen kilichoanzishwa 1962 kilijulikana kwa masaji ya aina hiyo, na leo majimbo mengi ya Marekani yanamtaka mkandaji awe amesoma saa 500 au zaidi ndipo apewe leseni.

Turudi nyumbani. Nilisema nitarudia habari ya mkunga. Bibi yetu, mama yake Baba Mdogo, ni mtu wa pwani, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa akiitwa mtoto akizaliwa mtaani. Kazi haikwisha mtoto akilia. Siku zile arobaini alikuwa anamkanda mama mzazi kwa maji ya moto, anamchua kwa mafuta ya nazi, anamfunga tumbo. Mtoto naye ananyooshwa. Hakuna aliyeita umalaya. Na pale uwanjani timu ikicheza, anaingia mbio mwanaume na kikopo cha barafu, tunamwita mchua misuli na tunampigia makofi. Inaonekana mikono inaanza kuwa na dhambi pale tu mshahara unapoingia kwa msichana.

Ila nisimpe Bibi ushindi wote. Rafiki yangu wa hosteli aliteguka kifundo kwenye mechi ya kitivo, au ndivyo tulivyodhani. Akapelekwa kwa mzee mmoja wa mtaani mwenye sifa, akachuliwa siku tatu akipiga kelele. Picha ilipopigwa, mfupa ulikuwa umevunjika. Mzee hakuwa mwongo wala mwizi, alikuwa hajafundishwa wapi asiguse. Kwenye mtaala wa mdogo wangu nimeona wiki mbili nzima za mambo hayo: mguu uliovimba upande mmoja na una joto, usikande, huenda kuna damu iliyoganda; mwenye homa, mwache; mfupa wenye mashaka, hospitali. Kwangu mimi hizo wiki mbili zina thamani kuliko muhuri. Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, iliyoleta Baraza la kusajili watoa huduma hizo, kwa hiyo si kwamba nchi imelala. Wanaosubiri kuamka wako kwenye meza za pilau.

Jana usiku nilimpigia Bibi. Nikamweleza ya London na ya wale vipofu wa Japani, akawa anaitikia "ehee, ehee" kama anasikiliza habari za jirani. Nikamuuliza kama mdogo wangu akisoma hiyo kozi atamwonea aibu. Akaniuliza kozi ina somo la kukanda mama mzazi? Nikatazama karatasi. Halipo. Akasema basi hilo atamfundisha yeye, wao wamfundishe hayo ya damu kuganda, maana yeye aliwahi kuogopa mguu wa mama mmoja na hakujua kwa nini.

Jumapili narudi kwa Baba Mdogo, Bibi naye atakuwepo. Nimechapa kurasa tatu kwa herufi kubwa maana miwani yake anaisahau kila siku. Mwisho wa kujiunga ni tarehe 28. Kama kuna mdau aliyesoma kozi kama hii, au ana ndugu aliyesoma, naomba aniandikie kabla ya Jumamosi, hasa kuhusu ada kama inalipwa kwa awamu, na mazoezi ya vitendo wanafanyia wapi.