Sangara Aliyetoweka Ziwa Edward

Muulize mvuvi wa Kayanja au Katwe kama amewahi kutoa sangara Ziwa Edward. Atakucheka. Sangara, huyo mputa wa Waganda, ni samaki wa Ziwa Albert, wa Kyoga na wa Victoria. Hapa Kasese watu wanajua ngege, kambale, semutundu na kamongo, basi.

Lakini aliwahi kuwapo, na ushahidi uko jirani tu na Bwera. Ukivuka mpaka Mpondwe ukaingia Kasindi, upande wa Kongo, hufiki mbali kabla ya kukuta Ishango, mahali ambapo mto Semliki unalipa kisogo Ziwa Edward. Mwaka 1950 Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba hapo akatoa mfupa mdogo wenye mikato iliyopangwa kwa makundi. Mfupa huo sasa uko Brussels, na wanahisabati hawajaacha kubishana juu yake. Mimi nauona umependelewa mno. Kwa mtu wa samaki, mali yenyewe ni vichwa vya chusa vilivyochongwa kwa mifupa, vikiwekewa meno ili windo lisichomoke, pamoja na masalia ya samaki walioliwa maelfu ya miaka iliyopita. Kati ya masalia hayo yamo ya sangara.

Kilomita chache ukifuata Semliki, pale Katanda, vilipatikana vichwa vya chusa vya zamani zaidi. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1995 viliviweka kwenye takriban miaka 90,000, umri ambao baadhi ya wataalamu bado wanautilia shaka. Windo kubwa la Katanda lilikuwa kambale, ambao msimu wa kutaga hujaa kwenye maji ya kina kifupi, mtu akawachoma akiwa amesimama.

Sangara alikwenda wapi? Maelezo yanayotajwa sana yanaanzia kwenye mashimo ya volkano yaliyotapakaa kuanzia Katwe na Kikorongo hadi Bunyaruguru, ng'ambo ya mfereji wa Kazinga. Yalipolipuka, majivu yaliingia ziwani na kuharibu maji. Wengine wanautaja ukame uliolipunguza ziwa. Ikiwa ni volkano, basi mlipuko uleule uliowapa watu wa Katwe ziwa lao la chumvi ndio uliowanyima sangara, biashara ambayo hakuna aliyeulizwa kama anaitaka.

Kurudi hakuwezekani. Ziwa Edward liko mita 912 juu ya usawa wa bahari na Albert mita 619 tu, na kati yao Semliki unaporomoka kwenye maporomoko ambayo sangara hayapandi. Mamba naye alikuwa haonekani Edward. E. B. Worthington, aliyechunguza maziwa haya na msafara wa Cambridge mwaka 1930 hadi 1931, alishughulishwa sana na fumbo hilo. Ila mamba ana miguu: kuelekea mwisho wa karne ya 20 alianza kuonekana tena.

Kutoweka kwa samaki mmoja kuliamua hata ufundi wa kuvua. Ulaya na Marekani Kaskazini, wanakovua paiki, samaki mwindaji kama sangara, mafundi hufunga manyoya ya paa kwenye ndoano kubwa, wakikaza uzi mpaka yasimame, kisha huyapunguza kwa wembe hadi yapate umbo la kifaranga cha bata. Unywele huo una uwazi ndani, unashika hewa, kwa hiyo chambo kinaelea. Kikivutwa polepole kinaacha mkondo juu ya maji kama kifaranga kilichopotezana na mama yake. Jirani zetu Kenya, ambako samaki wa trauti waliletwa mwaka 1905, wana karakana zinazofunga chambo cha manyoya na kukiuza Ulaya. Na samaki wa Afrika hawadharau ndege: mwaka 2014 watafiti Afrika Kusini walieleza jinsi samaki wa jamii moja na ngassa wa Ziwa Albert anavyoruka na kunasa mbayuwayu hewani.

Edward haina ngassa wala sangara. Semutundu hutafuta chakula chini, usiku. Kamongo hupanda juu kuvuta hewa, lakini chakula chake kikubwa ni konokono. Ndiyo maana fundi wa hapa hakujifunza kutengeneza bata. Alijifunza kamba ndefu yenye ndoano nyingi, akitia nkejje, samaki mdogo wa hapa, akiwa mzima, au kipande cha samaki, akailaza majini hadi asubuhi.

Hata ndoano hiyo ilisukumwa pembeni. Ngege wa Ziwa George, lililounganishwa na Edward kwa mfereji wa Kazinga, hula mwani, hana haja na chambo chako, kwa hiyo dawa yake ni wavu. Karibu na mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha shirika la TUFMAC na kiwanda chake Kasenyi, likawa mnunuzi wa samaki wa ziwa lile, na ngege ndiye aliyeliendesha. Reli iliyoletwa na shaba ya Kilembe ilifika Kasese mwaka 1956. Nyavu za nailoni nazo zikaingia. Ziwa George lenyewe lina kina cha wastani kisichozidi mita tatu, wavu haukuwa na pa kukosea.

Miaka hiyohiyo maofisa wa samaki walimchukua sangara kutoka Albert wakampeleka Kyoga na Victoria. Alipoongezeka huko Victoria, jamii nyingi za nkejje zilitoweka kabisa. Edward hakupelekwa. Makumi ya jamii za nkejje bado ziko humo, nyingi kati yake hazipatikani penginepo, na wavuvi wa Kayanja bado wanawatundika kwenye ndoano za semutundu.