Kutembea musituni na Wabatwa: miti ya dawa na haki ya mwenye kuijua

Ndani ya parseli nyingi za Goma, kati ya mawe meusi ya volkano, kunaota mubirizi. Kila mama anajua uchungu wa majani yake: yanachemshwa ao yanatwangwa, na mutoto mwenye kuumwa tumbo anapewa anywe. Mubirizi ni kidogo tu ya ujuzi mukubwa wa miti ambao watu wa musitu wanao: Wabatwa wa pembeni ya Virunga na Kahuzi-Biega, na Bambuti wa Ituri.

Matembezi hayo ni nini?

Ni safari fupi ya miguu. Mubatwa anatangulia, wageni wanafuata. Anasimama mbele ya muti, anataja jina lake, anaonyesha sehemu inayotumika: jani, ganda, muzizi ao utomvu. Anaeleza pia namna ya kuvuna bila kuua muti.

Mufano wenye kujulikana zaidi karibu na Goma uko ngambo ya mupaka wa Bunagana, ndani ya pariki ya Mgahinga, wilaya ya Kisoro, Uganda. Njia ya Wabatwa ilifunguliwa pale mwaka 2011, chini ya volkano Muhabura na Gahinga. Wageni wanaonyeshwa kuwasha moto kwa kusugua vijiti, kutafuta asali, kupiga upinde na kutambua dawa, kisha wanaingia ndani ya pango la Garama.

Lakini Wabatwa hao walitolewa ndani ya musitu huo mwaka 1991, wakati pariki ilianzishwa. Leo wanarudi kama waongozaji, na sehemu ya pesa ya wageni inawafikia. Matembezi yakiisha, nao wanatoka. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba walitendewa vibaya kwa kutolewa kwenye ardhi yao bila kulipwa inavyofaa.

Miti mitatu ya kujua

Mubirizi. Wataalamu wanauita Vernonia amygdalina. Mwaka 1987, kwenye milima ya Mahale, Tanzania, sokwe mugonjwa alionekana akitafuna utomvu wa kijiti chake. Aliyemueleza mutafiti Michael Huffman kwamba huo ni muti wa dawa ni Mohamedi Seifu Kalunde, Mutongwe aliyejua miti ya kwao. Bila yeye, mutafiti angeona tu munyama anayekula.

Ngote. Ndivyo Wanande wanaita Prunus africana. Ganda lake linatengenezewa dawa ya prostate huko Ulaya, na Kivu ya Kaskazini imeuza ganda hilo inchi za inje. Muti ukichunwa kuzunguka mwili wote, unakauka na kufa. Ndiyo sababu tangu mwaka 1995 biashara yake inafuatiliwa na mapatano ya kimataifa ya CITES.

Mangongo. Majani mapana ya musitu wa joto. Bambuti wa Ituri wanafunika nayo nyumba zao, na wapishi wengi wanafungia chakula ndani yake.

Na huku Congo?

Pariki ya Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Wabatwa walifukuzwa mule. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza uamuzi wake: Serikali ya Congo ilivunja haki zao. Ndani ya Virunga pia, kuingia kuvuna miti bila ruhusa ni kosa.

Matokeo yake yako wazi. Muzee anajua muti, lakini hawezi kumupeleka mujukuu wake mbele yake. Mutoto anabaki na jina tu. Hajui harufu, hajui ganda, hajui ni wakati gani wa kuvuna. Muzee akifa, hata jina linaweza kupotea.

Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za Wabatwa na Bambuti wa Congo, pamoja na ardhi, mali ya asili na desturi zao. Mapatano ya Nagoya ya mwaka 2010 nayo yanasema jambo rahisi: anayetaka kutumia ujuzi wa watu wa asili juu ya mimea aombe ruhusa kwanza, na faida igawanywe.

Ya kushika kabla ya kutembea

Uliza nani anayelipwa. Kama Mubatwa anaongea na pesa inabaki kwa mwengine, hayo si mafunzo.

Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ao kuandika namna dawa inavyotengenezwa. Kuna mambo ambayo jamaa haiuzi.

Usichume peke yako. Musitu unaotoa dawa unatoa pia sumu ya mishale, na jani moja linaweza kufanana na lingine.

Usiache hospitali. Mwaka 2019, OMS ilisema haikubali chai ya artemisia itumiwe kutibu malaria. Mutoto mwenye homa kali apelekwe kwenye santé haraka, na munganga aambiwe alikunywa miti gani.

Na ukikutana na muzee wa Kibatwa sokoni akiuza maganda, muulize jina la muti kabla ya kuuliza bei. Lile jina nalo ni sehemu ya anachouza.